Krenki ya kizamani isisajiliwe kwa jina

KILA dirisha la usajili lina stori ile ile. Klabu inashusha staa aliyewahi kuwika Ulaya, mashabiki wanajaa uwanja wa ndege, jezi yenye jina lake inaisha madukani. Baada ya mechi tatu jamaa yuko benchi na barafu gotini. Kilichosajiliwa ni jina.

Kosa hilo hilo linafanyika kwenye baiskeli. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwa Afrika, na watu ambao zamani hawakuangalia kitu kingine zaidi ya mpira walijikuta wanafuatilia. Wapo waliokwenda mbali zaidi: wametafuta fremu ya chuma ya mtumba, ile nyembamba ya miaka ya 1980, ili waiunge upya iwe baiskeli ya mbio yenye sura ya kizamani. Fremu inapatikana. Magurudumu yanapatikana. Ikifika zamu ya krenki, hapo ndipo wengi wanapopigwa chenga.

Krenki ni ile mikono miwili inayoshika pedeli, pamoja na sahani za meno zinazovuta mnyororo. Ni kiungo mchezeshaji wa baiskeli. Nguvu yote ya miguu inapita hapo kabla ya kufika gurudumu la nyuma. Pia ndicho kitu cha kwanza jicho linachokiona baiskeli ikiegeshwa, na ndiyo maana watu huichagua kwa macho.

Sura ina maana, hilo halina ubishi. Mabomba ya fremu za chuma ni membamba. Ukiifunga fremu hiyo krenki ya kisasa, nyeusi na nene, ni kama beki wa kati wa kilo 95 aliyevalishwa jezi ya timu ya watoto. Krenki ya aluminiamu iliyong'arishwa, yenye mikono myembamba na matawi matano, inakaa mahali pake. Kuitaka si ushamba.

Shida ni jina linalotajwa kwanza kila mara: Campagnolo. Kiwanda hicho cha Vicenza, Italia, kilileta krenki yake ya Record mwaka 1958, na toleo lililofuata, Nuovo Record, likawa ndoto ya kila mpenda baiskeli. Eddy Merckx wa Ubelgiji alichukua Tour de France mara 5 kati ya 1969 na 1974 akikanyaga krenki za kiwanda hicho. Ukiwa na historia kama hiyo, nani asiipende?

Lakini krenki hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Merckx, si kwa ajili ya karani anayepata nafasi ya kuendesha Jumapili asubuhi tu. Ushahidi uko kwenye namba 144. Hicho ni kipimo, kwa milimita, cha duara linalopita katikati ya bolti tano zinazoshika sahani ya meno. Duara likiwa kubwa, sahani ndogo haiingii, kwa sababu meno yangegongana na bolti. Kwa 144, sahani ndogo kabisa ni ya meno 41, na iliyozoeleka ni 42.

Tuseme nyuma kuna meno 23, ambayo kwa mbio za enzi hizo yalikuwa mengi. Sahani ya 42 ikizunguka mara moja, baiskeli ya mbio inasogea karibu mita 3.8. Ili miguu izunguke mara 60 tu kwa dakika, mwendeshaji lazima apande mlima kwa karibu kilomita 14 kwa saa. Akiwa Kitonga, au kwenye kona za kupandia Lushoto, mtu wa kawaida haufikishi mwendo huo. Miguu inazunguka polepole, uzito wote unaangukia magoti, na baada ya miezi michache baiskeli nzuri inageuka pambo la sebuleni.

Sasa weka meno 34 mbele na 28 nyuma. Mzunguko mmoja unakuwa karibu mita 2.5, na mzigo kwa mguu unapungua kwa theluthi moja. Mlima ni ule ule na mapafu ni yale yale, ila mtu anafika juu akiwa amekaa kwenye kiti. Wale mabingwa wenyewe, Kigali iliwanyoosha: mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Milima haiangalii jina lililoandikwa kwenye krenki.

Jambo la pili ni usalama, na hapa mbwembwe ziwekwe pembeni. Aluminiamu huchoka. Mafundi wa baiskeli za kale wanaijua vizuri kona ile ndogo ya krenki za Campagnolo za zamani, pale mkono unapokutana na matawi ya sahani. Ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele, ukijificha chini ya grisi. Mkono ukikatika wakati mtu amesimama kwenye pedeli, anakwenda chini kwa uso. Krenki ya miaka 40 isinunuliwe kwa picha ya simu. Isafishwe, iletwe kwenye mwanga mkali, ikaguliwe kona kwa kona. Muuzaji akikataa isafishwe, huyo anauza mbuzi kwenye gunia.

La tatu ni vipuri. Krenki nyingi za zamani zinakaa kwenye ekseli yenye ncha ya pembe nne, lakini pembe nne za Italia na za Japani hazilingani sawasawa. Ukichanganya, krenki inakaa ndani sana au nje sana na mnyororo unakwenda upande. Fremu nazo zina mambo yake. Ya Kiitaliano ina kitovu cha milimita 70 na nyuzi zinazofungwa kwa kulia pande zote mbili. Ile yenye nyuzi za Kiingereza, ambazo Wajapani nao walizitumia sana, ina kitovu cha milimita 68, na upande wa mnyororo unafungwa kinyume. Krenki za Kifaransa ndizo balaa zaidi. Stronglight za zamani zinahitaji kifaa cha kuvulia cha milimita 23.35, wakati kilichozoeleka kwa mafundi ni cha 22. Fundi akilazimisha, nyuzi zinakwisha, na krenki haitoki tena ila kwa msumeno.

Kwa hiyo chaguo la busara ni sura ya zamani yenye vipimo vya leo. Krenki ya fedha, matawi membamba matano, duara la bolti la milimita 110. Duara hilo linapokea sahani hadi ya meno 34, limetengenezwa na viwanda vingi, na sahani zake zitaendelea kupatikana. Isichanganywe na ya matundu manne ya Shimano za siku hizi. Hiyo nayo imeandikwa 110 lakini mpangilio wa matundu ni mwingine kabisa. Sugino ya Japani imetengeneza krenki za aina hii tangu zamani. Velo Orange ya Marekani ina Grand Cru, yenye duara la bolti dogo zaidi ya hilo, iliyofuata mtindo wa Kifaransa wa kabla ya enzi za Merckx, yenye sahani za 46 na 30. Mtu akiiona kwa mbali atadhani imetoka kwenye picha ya mwaka 1950.

Wapo watakaouliza: sahani ya 46 si itapunguza kasi? Hesabu inajibu. Meno 46 mbele na 12 nyuma, miguu ikizunguka mara 90 kwa dakika, ni zaidi ya kilomita 43 kwa saa. Anayeweza kushikilia mwendo huo tambarare, peke yake, kwa dakika 20, huyo atafute timu, siyo krenki.

Urefu wa mkono nao usisahaulike. Krenki nyingi za zamani ni za milimita 170. Mtu mfupi anaweza kuhitaji 165, na asione aibu: Pogačar, anayeshinda kila kona ya dunia, anatumia 165.

Ubishi mzito unatoka kwa wapenzi wa vitu halisi, wanaosema krenki mpya yenye sura ya kale ni feki, sawa na jezi ya kuigiza. Hoja yao ina mahali pake. Toscana, Italia, kuna L'Eroica, iliyoanza mwaka 1997, ambako watu huendesha baiskeli za mbio za mwaka 1987 au za nyuma zaidi kwenye barabara za vumbi. Anayejenga baiskeli ya shughuli kama hiyo, au ya kuweka ukutani, atafute Nuovo Record halisi na alipe bei yake. Hata anayezunguka tambarare ya Dar es Salaam tu, 42 haitamuua, mradi krenki haina ufa.

Lakini baiskeli ya kupanda nayo milima kila wiki haijengwi kwa heshima ya makumbusho. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kufundwa na David Kinjah huko Kikuyu, alishinda Tour de France mara 4 kati ya 2013 na 2017. Sahani zake za mbele zilikuwa za Osymetric, hazikuwa hata duara. Wapenda sura walizicheka. Yeye alizichagua kwa sababu zilimfaa mguu wake.

Mpangilio wa maswali basi uwe huu: fremu ina nyuzi gani, milima ni ipi, miguu ina urefu gani, sahani mbadala itapatikana wapi. Majibu manne yakishapatikana, krenki zitakazobaki mezani zitakuwa chache, na kati ya hizo ruksa kuchagua nzuri kuliko zote. Kocha mzuri naye hupima afya kabla ya kusaini mkataba. Jina linaandikwa mgongoni mwisho.