Waacheni vijana wafungue pedali

Kijana aliyenunua diodi mbili, rezista chache na chipu moja Kariakoo, akaenda kuzilehemu nyumbani mpaka gitaa lake likatoa mkwaruzo aliokuwa akiutafuta, hajamwibia mtu. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wapo watu ninaowaheshimu, wakiwemo viongozi wa kwaya, wanaodai kwamba pedali iliyoundwa nyumbani kwa kufuata mchoro wa kampuni ni kitu feki, na kwamba kitu feki hakifai kupigwa mbele ya madhabahu. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na siku za Jumapili napiga gitaa la solo kanisani. Vijana wanaoambiwa hivyo ni wanafunzi wangu, na wamekuja kuniuliza.

Kwa msomaji asiyepiga gitaa: pedali ni kisanduku kidogo cha chuma kinachokaa sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya. Mpigaji anakikanyaga kinaanza kazi, anakikanyaga tena kinanyamaza. Ziko za mwangwi, ziko za kutetemesha sauti, na ziko za ovadraivu, ambazo ndizo ninazozisemea leo. Ovadraivu huinenepesha sauti na kuitia ukali kidogo, mfano wa zile amplifaya za valvu za zamani zilipofunguliwa mpaka mwisho.

Mojawapo ya pedali zinazoigwa sana duniani ni Tube Screamer ya Ibanez. Ilitengenezwa Japani na kampuni ya Maxon mwishoni mwa miaka ya 1970, na mhandisi aliyeibuni ni Susumu Tamura. Mmarekani Stevie Ray Vaughan, mpigaji blues wa Texas, aliitumia, na tangu hapo kila anayependa gitaa la namna ile huitafuta. Mchoro wa saketi yake umeenea kote. Ukiuweka mezani mbele ya mwanafunzi wa kidato cha nne aliyesoma mada ya elektroniki, hakuna kitu ndani yake ambacho hajawahi kutajiwa darasani.

Umeme ni wa betri ya volti 9. Rezista mbili za kilo-omu 10 zinaugawa katikati, ukapatikana mhimili wa volti 4.5 ambao sauti ya gitaa itapanda na kushuka juu yake. Chipu ya JRC4558 inaikuza sauti hiyo. Kwenye njia inayorudisha sehemu ya mawimbi kutoka mlango wa kutokea wa chipu kwenda mlango wa kuingilia, kumefungwa diodi mbili, moja ikielekea huku na nyingine kule. Wimbi likiwa dogo, diodi zimelala. Likifika kama volti 0.6, zinaamka na kukibana kilele chake. Pale penye kilele cha mviringo panabaki bega lililolainishwa, na sikio linalisikia bega hilo kama ukali. Kisha kuna rezista ya kilo-omu 4.7 na kapasita ya maikrofaradi 0.047. Wawili hao ndio wanaoamua kwamba sauti zilizo chini ya hezi 720 hivi zisikuzwe sana kama za juu. Ndiyo maana solo linasikika juu ya besi na ngoma bila kuzisukuma pembeni. Mtu aliyeketi Japani alikaa akalifikiria tatizo la bendi nzima, akalitatua kwa vipande viwili vya bei ya chini kabisa dukani. Kila ninapoueleza mchoro huu darasani namwona Tamura kama mwalimu mwenzangu, na sioni njia bora ya kumheshimu kuliko kuielewa kazi yake mpaka mwisho.

Chipu hiyo ya 4558, ambayo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanaijadili kwa heshima kubwa, imejaa mitaani kwetu. Imo kwenye bodi za sabufa, za redio za kaseti, za mashine za karaoke. Wanafunzi wangu huziokota kwenye sabufa zilizokufa, wanazing'oa kwa uangalifu, wanazipima. Sabufa iliyoungua transfoma bado ina chipu nzima, kapasita nzima, na pengine hata volyumu inayozunguka vizuri. Kisanduku nacho hakisumbui: boksi la chuma la swichi ya ukutani linatosha, au fundi bati wa Gerezani atakukunjia la kwako. Muhimu kiwe cha chuma na kiungwe na waya wa ardhi wa saketi, la sivyo pedali itaokota mvumo wa umeme wa nyumba na kuupeleka kwenye spika.

Nirudi kwenye shutuma ya wizi. Anayeitoa anaamini kwamba kampuni zile kubwa zilianza na karatasi tupu. Historia ya vifaa hivi haisemi hivyo. Mkwaruzo wa kwanza uliouzwa ndani ya kisanduku, Maestro FZ-1 wa mwaka 1962, ulitokana na hitilafu: mtambo wa studio huko Nashville uliharibika wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins, gitaa la besi la Grady Martin likatoka limechafuka, na fundi wa studio, Glenn Snoddy, akakaa na kuunda saketi ya kuutoa uchafu ule kwa makusudi. Miaka michache baadaye, 1965, Gary Hurst wa London aliichukua Maestro kama msingi, akairekebisha, akatoa Tone Bender. Mwaka uliofuata ikaja Fuzz Face ya Arbiter, na saketi yake ni ndugu wa damu wa Tone Bender. Na Jim Marshall, ambaye jina lake limeandikwa kwenye amplifaya za majukwaa makubwa duniani, alianza na mafundi wake mwaka 1962 kwa kuifuata Fender Bassman ya Marekani karibu kipande kwa kipande. Vipande walivyotumia vilikuwa vile vilivyopatikana Uingereza, spika zilikuwa nyingine, na kutokana na tofauti hizo ikazaliwa sauti ambayo Fender hakuwa nayo.

Na sisi tusijifanye wageni wa mambo haya. Muziki wetu wa dansi ulikulia kwenye sahani za Kuba za mfululizo wa GV, zilizoanza kuingia Afrika miaka ya 1930. Wapigaji walizisikiliza, wakazikariri, wakazipiga na maneno wasiyoyajua maana yake, mpaka siku rumba ikaanza kutoka vidoleni mwao kwa namna yao. Hakuna anayesimama leo kuwaita wezi. Fundi cherehani mwanagenzi naye hufumua shati la zamani ili aone lilivyokatwa, na hakuna fundi mkuu anayemwitia polisi.

Mpinzani mwenye hoja nzito zaidi atanitajia Klon Centaur. Bill Finnegan wa Massachusetts alianza kuiuza pedali hiyo mwaka 1994, akiitengeneza kwa mkono, na mpaka alipoacha alikuwa ametoa takriban 8,000. Ndani aliifunika saketi yote kwa gundi nyeusi ya epoksi, ngumu kama jiwe, ili kisionekane alichofanya. Watu wakaibandua gundi, wakafuatilia kila kipande, wakauchora mchoro na kuutangaza. Leo Centaur halisi inauzwa maelfu ya dola, na nakala zake ziko za kila bei.

Je, alidhulumiwa? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni hapana, ingawa namwonea huruma. Alikuwa na haki ya kuficha. Aliyeinunua pedali naye alikuwa na haki ya kufungua mali yake aone kilichomo. Ubunifu mpya kabisa una kinga yake, hataza, ambayo kwa kawaida hudumu miaka 20, na sharti lake ni kwamba mbunifu aufichue ubunifu wake hadharani ili wengine wajifunze. Anayechagua siri badala ya hataza amechagua ulinzi unaodumu mpaka mtu mwenye patasi na subira atakapokuja. Kuhusu miundo ya miaka ya 1970, hataza yoyote iliyokuwepo imekwisha muda wake zamani.

Jina ni jambo jingine, na hapa nasimama upande wa Finnegan bila kusita. Mwaka 2024 alikwenda mahakamani Marekani baada ya Behringer kutoa pedali yenye jina la Centaur na sura inayoifuata ile yake. Kilichopelekwa mahakamani kilikuwa jina na sura, si saketi. Baadaye pedali ile ikaitwa Centara. Nililifurahia jambo hilo, maana limeuonyesha mpaka mahali ulipo. Saketi ni maarifa: ukishaielewa, imo kichwani mwako na hakuna atakayeitoa. Jina ni ahadi ya mtu kwa wateja wake, na ukilibandika juu ya kazi yako umemdanganya anayenunua na umemchafua aliyelijenga. Nimeona mjini pedali zenye nembo za kampuni maarufu ambazo ukizifungua unakuta lehemu baridi na waya unaoning'inia. Wanaouza zile ndio waitwe kwa jina linalowastahili, na wanafunzi wangu wasichanganywe nao.

Kwa hiyo nimewawekea sharti. Juu ya kisanduku andika jina lako. Chini yake, kwa kalamu isiyofutika, andika saketi umeichukua kwa nani, na nini umekibadilisha. Wapo waliolalamika kwamba hiyo inaishusha bei. Naamini inaipandisha, kwa sababu mnunuzi anajua anachokipata, na fundi atakayeitengeneza miaka kumi ijayo atajua aanzie wapi.

Hicho kipengele cha “nini umekibadilisha” ndicho kinachonifanya niipende kazi hii. Chukueni Tube Screamer mbili zinazobishaniwa mno, TS808 na TS9 iliyofuata mwaka 1982. Kwenye saketi, tofauti kubwa kati yao ni rezista mbili za mlango wa kutokea: omu 100 na kilo-omu 10 kwa ile ya kwanza, omu 470 na kilo-omu 100 kwa ya pili. Mwanafunzi mwenye pasi ya kulehemu anaweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine kabla chai haijapoa, asikilize kwa masikio yake, kisha aamue kama tofauti ya bei aliyosikia dukani ina msingi.

Halafu anaanza kujiuliza kuhusu muziki wake mwenyewe. Pedali hii ilibuniwa kwa watu wanaopiga blues na roki. Hata volyumu ya ukali ikiwa chini kabisa, chipu bado inakuza mara 12 hivi. Kwa gitaa la solo la dansi, linalotakiwa kumwaga noti ndogondogo kila moja ikisikika peke yake, hiyo ni nyingi, noti zinashikana. Mwanafunzi mmoja wa kike aliitoa rezista ya kilo-omu 51 iliyo kwenye njia ya kurudisha akaweka ya kilo-omu 10, na ukuzaji wa chini ukashuka mpaka kama mara tatu. Kisha akaziondoa diodi na kuweka taa mbili ndogo nyekundu za redio, ambazo huamka karibu na volti 1.8, kwa hiyo wimbi linapata nafasi zaidi kabla ya kubanwa. Nilipolipigia seben, gitaa lilibaki safi nilipogusa kwa wepesi, likachacha nilipokaza mkono. Kwa kaka yake anayepiga besi alibadilisha kapasita ya 0.047 akaweka ya 0.1, na mpaka ule wa hezi 720 ukateremka hadi 340 hivi. Pedali hiyo sijawahi kuiona dukani, na imetoka kwa msichana ambaye mwaka jana alikuwa anakariri fomula ya omu bila kujua inamfaa nini.

Ninachoomba ni kidogo. Viongozi wa kwaya, kabla ya kuizuia pedali, igeuzeni msome kilichoandikwa chini yake. Wenye maduka ya vipuri, tuagizieni swichi za mguu. Ndicho kipande pekee ambacho sabufa haina, na vijana wanalazimika kutumia swichi za taa zinazovunjika mapema. Na vyuo vya VETA pamoja na walimu wenzangu wa fizikia, liingizeni zoezi hili kwenye karakana na maabara. Volti 9 haimuui mtu. Mwanafunzi akishaifanya saketi ilie kama ilivyochorwa, mpeni nusu ya alama. Nusu iliyobaki apewe atakapobadilisha kipande kimoja kwa hiari yake, akaeleza mbele ya wenzake kwa nini amekichagua hicho.