Kontena lashuka Kilindini, koili twaagiza Grogan

Mwezi uliopita rafiki yangu anayeendesha teksi hapa Mombasa alikaa siku tano bila kazi kwa sababu ya koili moja. Gari lake ni Toyota Fielder yenye injini ya 1NZ-FE, na silinda moja ilikuwa imelala: gari linatetemeka likisimama kwenye taa, halina nguvu ya kupanda Daraja la Nyali, na petroli inakwisha kama inayomwagwa. Fundi wake wa Majengo akamwambia ni koili. Akaipiga picha, akamtumia muuzaji wa Nairobi kwa WhatsApp, akalipa kwa M-Pesa, na kifurushi kikashuka Mwembe Tayari na basi la asubuhi. Boksi safi, koili mpya. Haikuingia. Namba aliyoitaka ni 90919-02240. Aliyoletewa ni 90919-02239, ambayo ni ya injini ya 1ZZ. Tofauti ni moja tu kwenye karatasi, lakini kwenye injini ni vitu viwili mbalimbali.

Nilikuwa na safari ya Nairobi wiki ile, nikaibeba.

Wenyeji wa Nairobi bado waiita Grogan ile sehemu ya Kirinyaga Road, ingawa jina la mkoloni liliondolewa barabarani zamani. Ukishuka kutoka River Road unakutana na maduka yaliyobanana, kila moja na ukuta wa visanduku, na vijana mlangoni wanaokuuliza "gari gani?" kabla hujasalimu. Hapo ndipo spea za Kenya nzima hupangiwa bei, na zetu za Pwani zimo. Nilizunguka asubuhi nzima nikiulizia vitu vya kuwashia moto tu: plagi, koili, waya za plagi, swichi za ufunguo. Nilichokiona kinafaa kuelezwa, maana soko hili limebadilika na sisi tulio mbali ndio tunaolipia mabadiliko yenyewe.

Wale waliowahi kumiliki Toyota DX au Corolla 100 watakumbuka. Gari lilikuwa na koili moja, distributa, na waya nne. Kwenye DX fundi aliweza kusugua platini kwa msasa na ukaondoka. Plagi zilikuwa za kawaida, ukizibadilisha kila kilomita elfu ishirini hivi, na bei yake haikumtisha mtu. Kitu kikiharibika, kilionekana kwa macho: waya umepasuka, kifuniko kimeungua.

Magari yanayoingia sasa ni mengine. Sheria ya miaka minane inasema gari lililotumika lisiingie nchini likiwa limepita umri huo, kwa hiyo yaliyoingia 2025 ni yaliyosajiliwa kuanzia 2018. Karibu yote yana koili juu ya kila plagi, na mengi yana plagi za iridiamu zinazotarajiwa kwenda kilomita laki moja. Mengi hayana hata tundu la ufunguo, unabonyeza kitufe. Muuzaji mmoja alinionyesha swichi za ufunguo za Corolla za zamani zilizojaa vumbi. Aliniambia siku hizi hizo ni za watu wa mashambani. Waya za plagi nazo zimehamia rafu ya chini. Kilichopanda rafu ya mbele ni koili.

Na koili haijionyeshi. Ni bomba la plastiki lenye saketi ndani, na nzuri na mbovu zafanana kama pacha. Hapa ndipo biashara ilipogeuka. Niliuliza plagi ya iridiamu ya Denso katika maduka matatu yaliyofuatana, nikatajiwa bei tatu, ya chini haifiki theluthi ya ya juu, na maboksi yote mekundu na meupe vilevile. Koili nazo ziko za aina tatu: mpya ya kampuni, mpya ya Uchina isiyo na jina au yenye jina la kuazima, na ya mtumba iliyong'olewa kwenye injini iliyotoka Japani au Sharja. Mafundi wengi niliozungumza nao waliipendelea ya mtumba kuliko mpya ya bei rahisi. Hoja yao ni kwamba ile ya mtumba angalau ilizaliwa halali.

Mimi nawaelewa, lakini siwafuati mpaka mwisho. Koili iliyofanya kazi miaka kumi Osaka imebakiza nini? Ila ukilinganisha na plagi bandia, madhara yake ni madogo. Plagi bandia ya iridiamu mara nyingi ni ya kawaida iliyovishwa jina. Ncha yake huisha mapema, mwanya unapanuka, koili inalazimika kusukuma umeme mkali zaidi ili cheche iruke, na mwisho inaungua. Petroli isiyoungua inakwenda kwenye ekzosi na kuharibu katalisti, ambayo bei yake hutapenda kuisikia. Kwa hiyo mtu aliyeokoa mia chache kwenye plagi hurudi dukani kwa koili. Wenye maduka wanalijua hilo. Sisemi wote wanalifurahia.

Kuna njia ndogo ya kujikinga. Ncha ya katikati ya Denso Iridium Power ni nyembamba ya milimita 0.4, kama sindano. Ukiona ncha nene kama ya plagi ya kawaida, rudisha. Lakini ili uione lazima uwe mbele ya kaunta, na boksi lifunguliwe. Picha ya WhatsApp haitoshi.

Mchana nilikwenda upande wa magharibi, Kawangware hadi Dagoretti Corner, kisha Westlands. Huko ndiko nilikoona thamani ya kuwa karibu. Fundi wa Kawangware hanunui shehena. Anatuma kijana wa bodaboda Grogan, koili inafika, inafungwa, ikigoma inarudishwa jioni ileile. Muuzaji akimdanganya leo, kesho hapati mteja. Gereji za Westlands, zenye Subaru na Volkswagen nyingi, zina mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kwa hiyo zinajua ni silinda ipi kabla ya kununua chochote. Kwa Subaru hilo ni jambo kubwa, maana injini imelala ubavuni na kuifikia plagi tu ni kazi ya kulipiwa. Wao wananunua ghali, lakini wananunua mara moja.

Sisi je? Dola ilikuwa karibu shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, na tangu katikati ya mwaka huo imetulia karibu na 129. Nilitarajia kuona bei za spea zimeshuka kwa kiasi hicho. Hazijashuka hivyo. Niliambiwa mzigo ni wa zamani, kodi zimeongezeka, nauli ya meli. Baadhi ya hayo ni kweli. Lakini mtu wa Mombasa anaongezewa nauli ya basi, na akiletewa kitu kisicho chake, nauli mara tatu. Petroli huwa rahisi kidogo kwetu kuliko Nairobi kwa sababu inashukia hapa. Koili inashukia hapahapa Kilindini, na kwetu ni ghali zaidi.

Najua mtakumbuka SGR. Mwaka 2019 serikali iliamuru makontena yapakiwe reli hadi Nairobi, watu wetu wakaandamana, Mahakama Kuu ya Mombasa ikayatengua mambo hayo Novemba 2020, na Septemba 2022 rais mpya akatangaza shughuli za kuondoa mizigo zirudi Mombasa. Zilirudi karatasi. Maghala ya spea hayakurudi, na tuseme ukweli, Grogan ilikuwa imetushinda hata kabla ya reli. Tunao jamaa Dubai na Sharja, wanaokaa kilomita chache na masoko yaleyale ya spea. Wanatuletea manukato na simu. Ni wangapi wanaleta kontena la koili za Fielder na Probox, magari yanayobeba nusu ya mji huu?

Jingine la kuangaliwa: Julai 2023 Denso na NGK, ambayo sasa kampuni yake inaitwa Niterra, zilitangaza kuwa zinazungumza ili Niterra ichukue biashara ya plagi ya Denso. Hayo ndiyo majina mawili ambayo kila duka la Grogan linayataja kwa kiapo. Yakiwa chini ya nyumba moja, maboksi yatabadilika, na wakati wa kubadilika maboksi ndio msimu wa waigaji. Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia ina ofisi Mombasa. Lakini ukienda bila risiti huna la kuonyesha, na risiti ya M-Pesa haiandiki ulinunua nini.

Yule muuzaji wa koili ya rafiki yangu? Alipoona nimesimama mbele yake na boksi mkononi hakubisha hata kidogo. Alitoa 02240, akaichomeka kwenye gari la mteja lililokuwa nje, injini ikatulia, akanikabidhi. Ilimchukua dakika kumi. Kwa simu alikuwa amemwambia rafiki yangu kwa siku tatu kwamba mali ikiuzwa hairudi.

Fielder imerudi barabarani. Fundi wa Majengo ameshamwambia kwamba koili tatu zilizobaki ni za umri uleule.