Kosa la jukwaani hujibiwa chini ya jukwaa

NJIA YA MSAFARA
Na Hamisi Kapalata

Ilikuwa Septemba 2011, stendi ya mabasi Tabora. Muuza magazeti alikuwa ameyatandaza chini juu ya turubai, kila moja kalikandamiza kwa jiwe lisipeperushwe na upepo. Sisi tuliokuwa tukisubiri mabasi tuliinama kama wachagua mitumba, tukisoma vichwa vya habari bila kununua. Picha iliyotukusanya ilikuwa ya mbunge wetu wa Tabora Mjini wa wakati huo, Ismail Aden Rage, akiwa kwenye kampeni za Igunga na bastola kiunoni.

Mama mmoja mwenye sinia la karanga kichwani akachungulia katikati ya mabega yetu. Akaitazama ile picha, akauliza: "Sasa huyu anamwogopa nani? Si wapiga kura ndio waliokuja kumsikiliza?"

Hakuna aliyemjibu. Kondakta akaita abiria wa Nzega, kila mtu akashika njia yake. Miaka imepita na swali la yule mama bado ninalo, kwa sababu naona lilikuwa zuri kuliko majibu yote yaliyotolewa baadaye.

Majibu yalitolewa, tena mengi. Mheshimiwa alieleza kwamba silaha ile anaimiliki kihalali na ni ya kujilinda. Wanaomuunga mkono wakakazia hapo hapo: kibali anacho, tatizo liko wapi? Wapinzani wakafungua kanuni za maadili ya uchaguzi, ambazo zinakataza mtu kwenda na silaha kwenye mkutano wa kampeni. Hoja ikageuka kuwa ya vifungu na vibali. Ila mama wa karanga hakuuliza habari ya kibali. Aliuliza habari ya hofu. Alitaka kujua mtu anayekuja kuomba kura anawaonaje wale anaowaomba. Swali hilo halijibiwi kwa leseni.

Kwa wasomaji waliokuwa wadogo wakati ule, nikumbushe kidogo. Julai 2011 Rostam Aziz, mbunge wa Igunga tangu miaka ya tisini, alijiuzulu akisema amechoshwa na siasa uchwara. Uchaguzi mdogo ukaitishwa tarehe 2 Oktoba. CCM ikamsimamisha Dk. Dalaly Peter Kafumu, aliyekuwa Kamishna wa Madini. CHADEMA ikamleta Joseph Kashindye, CUF ikaja na Leopold Mahona. Wilaya ya wafugaji na wakulima wa pamba, ambayo wengi nchini waliifahamu kwa kupita tu wakielekea Nzega na Singida, ikageuka uwanja wa vigogo wa vyama vyote. Na kila kigogo aliyeshuka pale alikuja na uwezekano wake wa kuteleza.

CHADEMA nao waliteleza. Wabunge na wafuasi wao walimvamia Mkuu wa Wilaya, Fatma Kimario, wakidai anaendesha kikao kisichostahili wakati wa kampeni. Huenda hoja yao ilikuwa na uzito, maana malalamiko ya wakuu wa wilaya kutumika kichama si mageni nchini. Lakini zikaenea habari kwamba katika purukushani ile mama huyo alivuliwa ushungi. Viongozi wa dini ya Kiislamu wakalaani, na wabunge wawili wakafikishwa mahakamani. Chama kikasimama kwenye hoja ya kikao haramu. Kwa sheria inaeleweka. Kwa watu waliokuwa wakiizungumzia habari ile vijiweni haikueleweka hata kidogo, kwa sababu wao walikuwa wakizungumza juu ya mwanamke mtu mzima na heshima yake. Pande mbili zikawa zinabishana bila kukutana, kama watu wanaozungumza kwa simu yenye mtandao mbovu.

Kisha likaja la daraja. Mto Mbutu ukifurika masika hukata mawasiliano, na wananchi wa Igunga walikuwa wamelililia daraja miaka mingi. Dk. John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, alikwenda kumpigia debe mgombea wa chama chake, na ahadi ya daraja ikaingia kwenye kampeni. Uchaguzi ukaisha, Kafumu akatangazwa mshindi kwa kura 26,484 dhidi ya 23,260 za Kashindye. Kashindye akaenda mahakamani. Agosti 2012 Jaji Mary Shangali wa Mahakama Kuu, Kanda ya Tabora, akatengua matokeo, na ahadi ile ya daraja ikawa miongoni mwa mambo yaliyotajwa. Baadaye Mahakama ya Rufani ikamrudishia Kafumu kiti chake, na mwaka 2015 akachaguliwa tena.

Daraja lenyewe likajengwa, tena na makandarasi wazalendo walioungana. Ahadi ilikuwa ya kweli, kwa hiyo kosa halikuwa uongo. Kosa lilikuwa kulitaja daraja mbele ya mtu anayevuka maji ya kiunoni, wakati huo huo ukimwomba kura. Anayesikia hawezi kujua kama anapewa haki yake au anawekewa bei. Kiongozi mwenye masikio angeisikia shaka hiyo mapema na kusema waziwazi: daraja hili ni lenu, mkimchagua wetu au mkimchagua wao. Sentensi moja ingetosha.

Nimewasikiliza wanasiasa wetu kwa zaidi ya miaka ishirini, na majibu yao kwa lawama nayajua kama nijuavyo vituo vya reli kutoka hapa hadi Kigoma. La kwanza ni "nimenukuliwa vibaya." La pili ni "video imekatwa." La tatu ni "hao ni mahasimu wangu wa kisiasa." Akibanwa kabisa, hulitoa la nne: "Jamani, nilikuwa natania."

Hili la nne linanigusa zaidi, kwa sababu sisi wa huku utani ni mali yetu. Njia ya msafara iliyotoka Bagamoyo kuja Tabora na kuendelea hadi Ujiji haikubeba pembe na nguo peke yake. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita nchi za watu, wakalala kwa watu, wakagombana na kupatana nao, na katika kupatana huko kukazaliwa utani. Ndiyo maana hadi leo Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kutupiana maneno msibani ambayo wengine wangeshikana mashati.

Ila utani una masharti yake, na kila mtani anayajua. Sharti kubwa ni kwamba unayemtania ana ruhusa ile ile ya kukujibu, papo hapo, kwa sauti ile ile, na wewe hukasiriki. Sasa niambieni: mgombea aliye jukwaani na kipaza sauti kimoja, walinzi nyuma yake na vijana wa hamasa mbele yake, akiwaambia wakulima wa tumbaku kwamba umaskini wao ni uvivu, utani uko wapi hapo? Nani atamjibu, na kwa kipaza sauti kipi? Kijana akipaza sauti kutoka chini hubebwa juujuu na kutolewa uwanjani. Mtani mmoja anasema, mtani mwingine anatolewa nje. Hayo ni matusi yaliyovalishwa nguo ya utani.

Nije sasa kwenye jibu ninaloliona sahihi. Lilitolewa hapa hapa Tabora, na lilitolewa na mtu aliyekuwa na lawama nzito zaidi ya bastola na daraja.

Januari 1958 TANU walifanya mkutano wao mkuu mjini hapa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wenye sharti la kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, ama sivyo kura yake imeharibika. Juu yake kuliwekwa masharti ya kipato, elimu au wadhifa, ambayo yaliwaacha nje wanachama wengi wa TANU. Wajumbe walifika Tabora wamekasirika. Julius Nyerere mwenyewe, mwezi mmoja tu kabla, Desemba 1957, alikuwa amejiuzulu kiti chake katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kutoridhishwa na mwenendo wa serikali ile ile. Na sasa alikuja kuwaambia wenzake waingie kwenye uchaguzi huo huo. Kwa mtu mwenye hasira, huo ulikuwa ukigeugeu wa mchana kweupe.

Alifanya nini? Alikuwa mwenyekiti. Angeweza kukalia kiti chake, kuamua nani aseme na nani anyamaze, na kuufunga mjadala muda wowote. Badala yake aliachia uenyekiti wa kikao, akampisha Mwalimu Kihere wa Tanga, akashuka kuzungumza kama mjumbe mwingine yeyote. Aliyetaka kumkata kauli aliweza. Hapo ndipo inaposimuliwa alitoa mfano wa mtu aliyevaa nguo nyeupe anayetaka kufika shambani kwake, na katikati kuna tope. Akikataa kuchafuka, mavuno yataharibika akiyatazama kwa mbali.

Angalieni alivyowajibu. Hakusema kura tatu ni nzuri. Hakusema wanaompinga wametumwa. Aliliita tope kwa jina lake, akakubali kwamba wote watachafuka, na yeye akiwa wa kwanza. Kura zikapigwa, upande wake ukashinda, na uamuzi ule ukapewa jina ambalo Tabora tunajivunia hadi leo: Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake cha African National Congress. Alipokutana na Nyerere kwenye uchaguzi wa rais wa mwaka 1962, Mtemvu alipata kura 21,276 dhidi ya 1,127,978.

Mwaka ule ule wa 1958 Nyerere alishtakiwa kwa maandishi yake katika Sauti ya TANU yaliyowashutumu wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni. Agosti akatiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wapo waliotamani aende jela awe shujaa. Alilipa faini akarudi kazini, maana uchaguzi ulianza mwezi uliofuata, na mgombea aliye gerezani hawezi kutembea vijijini. Yeye na wenzake wakashinda.

Najua wasomaji wangu mtaniambia: Kapalata, usimgeuze Mwalimu malaika. Sawa. Kufikia mwaka 1965 mtu kama Mtemvu hakuwa tena na chama cha kumsimamisha kama mgombea, na hilo lilifanyika chini ya Nyerere huyo huyo. Nayasema yote mawili. Lakini lile la Januari 1958 ni la kweli, na linafundisha jambo ambalo washauri wa kampeni wa siku hizi, pamoja na mabango yao na vijana wao wa mitandaoni, hawalifundishi: kosa la jukwaani halijibiwi ukiwa jukwaani. Linajibiwa chini, ukiwa sawa na uliyemkosea, mahali ambapo naye anaweza kukujibu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wagombea wote watakaopita Nzega, Igunga, Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua, wa chama chochote. Mtateleza. Ulimi hauna mfupa, na kampeni ni siku nyingi za kusema ukiwa umechoka. Ukishateleza, usiite waandishi wa habari kwanza. Rudi kijiji kile kile uliposema, bila kipaza sauti, bila msafara wa magari. Kaa kwenye benchi la kahawa. Sema ulichosema, bila kukipunguza. Kisha nyamaza, usikilize, hata yule atakayekusema vibaya. Ukitoka hapo ndipo uende kwa waandishi.

Na usidhani wananchi wasipopiga kelele wamesahau. Katika misafara ya zamani, mpagazi aliyekata tamaa na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, hakupigana naye. Alisubiri usiku, akatua mzigo, akarudi kwao. Asubuhi kirangozi alihesabu mizigo isiyo na vichwa.

Igunga, Oktoba 2011, daftari la wapiga kura lilikuwa na majina zaidi ya 170,000. Yatoe ya waliohama na waliofariki. Pamoja na vigogo wote wale, bastola, ushungi na daraja, waliojitokeza kupiga kura hawakufika 54,000.