Kabla ya Kufunga Masanduku



Wengi wenu mmekwisha kusikia: kazi ya misheni iliyotuleta Kalemie inafika mwisho. Tumekaa miaka 9, na baada ya wiki tano tunapanda boti kwenda Uvira, kisha barabara mpaka Bukavu. Nyumba imejaa masanduku, na kila ninachofunga kinanikumbusha mtu mmoja: mama anayetusaidia kazi za nyumba. Watoto wangu wanamwita mama mdogo.

Nilipofika hapa, mimi mtoto wa Bukavu nilijua sambaza tu. Ni yeye aliyenifundisha kuchagua mikebuka sokoni, na kuweka akiba ya makala kabla ya mvua. Usiku mmoja mtoto wangu wa pili alishikwa na malaria kali, baba yake yuko Moba kwa kazi. Mama huyu alimbeba mpaka kwenye pikipiki, akakaa nasi hospitalini siku 3. Watoto wake mwenyewe walilala kwa jirani. Watu walitusifu sisi kuwa watumishi. Yeye hakusifiwa na mtu.

Sasa sikieni kosa langu. Nilipanga kumwambia habari ya safari wiki ya mwisho, nimpe masufuria, vitenge viwili na bahasha kidogo, tulie pamoja, basi. Lakini asubuhi moja, akikunja mashuka, aliniuliza bila kunitazama: «Mama, haya masanduku yanaondoka lini? Nina watoto wa kulipia shule.» Nilikosa jibu. Nilidhani ninamhurumia, kumbe nilikuwa naogopa machozi yake.

Nilikwenda kwa mama mmoja wa kikundi chetu anayejua mambo ya kazi. Akanieleza sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002. Mwajiri anayevunja mkataba usio na mwisho uliowekwa hutoa taarifa mapema, ile tunayoita preavi: siku za kazi 14, na kwa kila mwaka mzima wa utumishi siku 7 zaidi. Nikahesabu kwa vidole: miaka 9 mara 7 ni 63, ongeza 14, ni siku 77. Karibu miezi mitatu! Nami nilitaka kumpa wiki moja.

Jioni ile nilimwambia mume wangu. Alinyamaza, kwa sababu franka tulizokuwa nazo zilikuwa za kusafirisha kabati na vitanda. Tuliuza kabati. Tukamwita mama mdogo, akaketi mezani nasi, tukamwomba msamaha, tukahesabu mbele yake: siku atakazofanya kazi, siku zitakazobaki tumlipe, na likizo ambazo hakuchukua.

Tukamwandikia pia cheti cha kazi, kwa Kifaransa, pamoja na barua ya Kiswahili ili aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili. Kisha akaomba jambo moja: tuongeze kwamba anajua kuoka mikate, maana anataka kuanza kuuza. Tuliongeza. Masufuria makubwa na vyombo vya kuokea tumemwachia, juu ya haki yake, si badala yake.

Alilia, nami nililia. Lakini yalikuwa machozi ya watu wawili wanaoagana, si ya mmoja aliyetupwa.

Wamama, wewe usiyehama pia una mtu anayekufulia na kukulelea. Usingoje siku ya masanduku. Andika leo tarehe aliyoanza kazi. Mlipe kwa siku mliyopatana. Mwachie siku yake ya kupumzika. Tena mwambie asante watoto wako wakisikia, ili nao wajifunze. Wazee walisema shukrani ya punda ni mateke. Yetu isiwe hivyo.

Tuonane kwenye mkutano wetu. Mikate nitaleta mimi, lakini mnajua aliyeioka.