Teksi ya Usiku Zanzibar: Lipa Ukishafika

Ndege ya jioni kutoka Nairobi ikichelewa, unaweza kujikuta unatoka uwanja wa Abeid Amani Karume saa sita usiku. Daladala hakuna. Na kama hoteli yako iko Nungwi, bado una karibu kilomita 60 kwenda kaskazini. Ndiyo maana wengi huona afadhali walipie teksi yote mapema, tangu wako nyumbani, wasisumbuane na madereva mlangoni.

Mimi naona usilipe yote. Pesa ikishatumwa na mpokeaji akaitoa, kuirudisha ni kazi, na usiku ule, ukiwa na watoto na mabegi, unapiga simu unaambiwa mteja hapatikani. Dereva akidai kitu cha kushika nafasi, mpe kiasi ambacho hata kikipotea hutaumia. Jina likitokea kwenye simu, lisome kabla ya kukubali. Kama ni la "binamu yangu", simama kwanza. Bora zaidi, mwambie mwenye hoteli akutumie dereva anayemjua, umlipe mkifika.

Bei ipataneni kwa ujumbe, iwe imeandikwa. Ni ya gari zima ama ya kila mtu? Na ni shilingi gani, yetu ama ya Tanzania? (Hii watu husahau kabisa.) Mtumie pia nambari ya ndege, ajue ikichelewa. Halafu beba noti kidogo za Tanzania, kwa sababu laini yako isiposhika mtandao kule, dereva bado atataka pesa yake.