Kall Ni Jana, Kall Ni Kesho

Mwaka jana nilifanya kazi miezi mitatu kwenye duka moja la spea za magari pale Kirinyaga Road. Tulikuwa tunalipwa mwisho wa mwezi, lakini mwisho wa mwezi wa mdosi ulikuwa na tabia ya kusonga. Mdosi mwenyewe ni Mpanjabi. Anatuongelesha Kiswahili, tena Kiswahili safi kuliko changu walai, lakini stori ikifika kwa pesa, yeye na kakake wanahamia Kipanjabi. Hapo sisi wote tunabaki tukiangalia midomo yao kama watu wa matanga ya mtu wasiyemjua.

Isipokuwa msee mmoja. Jamaa wa stoo, amekaa hapo miaka kumi na kitu. Wakimaliza kuongea, yeye anatuambia polepole, "Leo msitegemee. Ni parson." Na kweli, pesa inakuja siku mbili baadaye. Mara ya kwanza nilidhani jamaa ana mganga. Kumbe hata Kipanjabi hajui, hawezi kuomba maji kwa hiyo lugha. Anajua kalenda tu. Ajj ni leo, kall ni kesho, parson ni kesho kutwa, hafta ni wiki, mahina ni mwezi. Maneno matano, na kwa hayo matano alikuwa anajua lini akope unga na lini anyamaze.

Sasa maoni yangu ni haya, na najua kuna wenye watanitukana: ukianza lugha ya mtu, wacha salamu ingoje. Anza na kalenda. Ukimwambia Singasinga "Sat Sri Akal" utapewa tabasamu, na stori imeishia hapo. Lakini ukijua siku zake utajua anafunga duka lini, mzigo unafika lini, mshahara unatoka lini. Maisha yako yote na yeye yako kwa hizo siku.

Ila usijifunze nusu kama mimi.

Mwisho wa mwezi wa pili, mshahara umechelewa, jamaa wa stoo ameenda ocha. Mi ndo nimebaki mtaalamu. Ijumaa jioni nikamsikia mdosi kwa simu: "paise kall ditte". Paise naijua, ni pesa. Kall naijua, ni kesho. Ditte sikujali. Nikatoka mbio nikawatangazia watu, kesho tunalipwa. Dada wa kaunta akapiga simu kwa keateka wake, akamwahidi kesho saa sita renti iko kwa simu yake.

Jumamosi tukangoja. Hakuna kitu. Jioni akafika kwake akapata kufuli juu ya kufuli yake. Alilala kwa binamu yake na nguo za kazi.

Jumatatu jamaa wa stoo amerudi, nikamweleza, akanicheka mpaka akakaa chini. Kall ni kesho, ndio. Lakini kall pia ni jana. Neno moja, siku mbili, na leo katikati. Parson nayo iko hivyo, inaweza kuwa juzi ama kesho kutwa. Kitendo ndicho kinakuambia unaangalia nyuma ama mbele. "Kall ditte" ni tulitoa jana. "Kall devange" ndio tutatoa kesho. Mdosi alikuwa anamwambia mtu wa mzigo kwamba ameshalipwa tangu Alhamisi.

Nilikasirika na hiyo lugha wiki nzima. Lugha gani hii inachanganya jana na kesho? Halafu nikafikiria, hebu ngoja. Kwa Kiswahili nikisema "alikuja" ama "atakuja," wakati uko ndani tayari. Jana na kesho ni za kuongezea tu. Hata sisi tungekuwa na neno moja la hizo siku mbili, tungeishi. Na kwa mbele, ukitaka usichanganyikiwe, Kipanjabi kina bhalke, hiyo ni kesho peke yake. Baada ya parson kuna chauth, siku ya nne ukihesabu na leo. Unacheka? Sisi tuko na mtondo na mtondogoo, na nyote mnaosoma hapa mlifika kesho kutwa mkashuka kwa gari.

Maneno mengine nilifunzwa na mamake mdosi. Kila Jumamosi alikuwa analetwa dukani, anakaa kando ya kaunta na chai yake, na wote tulikuwa tunamwita Biji kama wajukuu wake wanavyomwita. Nilimuuliza, Biji, nifunze siku za wiki. Akaweka kikombe chini, akahesabu kwa vidole: Somvar, Mangalvar, Budhvar, Veervar, Shukkarvar, Shanivar, Aitvar. Som ni mwezi ule wa angani, Ait inatoka kwa jua, na hizo tano za katikati ni sayari. Shani ni Zohali, Shukkar ni Zuhura. Ni mpangilio ule ule Waingereza wako nao, ndo maana Jumatatu yao pia ni ya mwezi.

Mpanjabi Mwislamu naye, haswa wa upande wa Pakistan, Jumatatu anaiita Pir, Alhamisi ni Jumerat, Ijumaa ni Jumma, na Jumamosi ni Hafta. Ndio, hafta ile ile ya wiki, imetoka kwa neno la Kiajemi la saba. Punjab iligawanywa 1947, mpaka ukapita katikati ya watu wa lugha moja, na ukisikiza mtu akitaja Jumamosi unaweza kukisia familia yake iko upande gani. Na usiwacheke kwa kuita siku na wiki jina moja. Juma yetu tuliitoa wapi?

Tena sisi ndo tuko na maajabu. Tunahesabu kuanzia baada ya Ijumaa, kwa hivyo Jumatano ni ya tano. Siku inayofuata tunaiita Alhamisi, ambayo ni ya tano tena, kwa hesabu ya Waarabu wanaoanzia Jumapili. Wiki yetu iko na tano mbili na haina sita.

Biji akaniuliza, na nyinyi Wakamba mnasemaje? Nikaanza na kifua: wa kwambililya, wa keli, wa katatu... Nikakwama. Alhamisi ya mamangu sikuijua. Biji hakucheka, hapo ndo iliniuma. Nilimpigia mathe saa ya lanchi nikaulizia wa kana, mtoto mzima wa miaka 23.

Miezi ya kienyeji ilinishinda kidogo. Ziko kumi na mbili, mwaka unaanza na Chet katikati ya Machi, inafuata Vaisakh, na Vaisakhi yenyewe ni tarehe 13 ama 14 Aprili. Huko kwao ni wakati wa kuvuna ngano, na ndio siku Khalsa ilianzishwa 1699. Saun ni mwezi wa mvua kubwa, unaanza katikati ya Julai. Sasa fikiria wale vijana waliotolewa Punjab kuja kujenga reli kati ya 1896 na 1901. Reli ilichukua wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India. Wamefika huku na majina ya miezi kichwani, Saun inafika, wanangoja mvua, na Ukambani Julai ni vumbi na baridi ya asubuhi. Kalenda imekataa kushika ardhi. Na bado walibaki nayo, imefika mpaka kwa vidole vya Biji.

Mimi ni wa Makueni. Gurdwara ya Makindu iko hapo kando ya barabara tangu 1926, inalisha kila msafiri bure, na nimekula chapati na dengu zao tangu niko nasari. Sikuwahi kuuliza hata leo inaitwaje. 2017 serikali ikatangaza Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44, tukatengeneza mimu, tukarudi kuwaita wote Wahindi, Mpanjabi, Mgujarati na Mgoa kapu moja.

Najua utasema, kwani wao wamejifunza Kikamba? Swali poa. Wengine ndio, wengi hapana. Na sitetei mdosi hapa, mshahara uliochelewa umechelewa kwa lugha yoyote. Kuna mwenye aliniambia huo ni udaku, kusikiza watu wakiongea kwao. Buda, kama unaongea juu ya pesa yangu mbele yangu, mdaku ni nani? Halafu kijana wa mdosi, rika langu, anasema Mandei na Fraide kama mimi tu. Siku nilipomwambia leo ni Veervar aliniangalia, akamgeukia Biji kuuliza ni gani hiyo.

Dada wa kaunta nilimchangia 1,500 ya kutoa kufuli. Tuliongea tena, lakini hajasahau. Juzi nilimtumia meseji anirudishie chaja yangu, akajibu neno moja, "Kall." Nikamuuliza ni ile ya nyuma ama ya mbele. Tiki mbili za bluu, kimya.