Ukiuza Besi, Sema Ukweli Wote

Wasee, leo naanika kosa langu mwenyewe.

Nilipoacha chuo, kitu cha maana nilichobaki nacho ni besi gita ya mtumba. Nilikuwa naipiga kanisani Jumapili, na siku za katikati najifunza benga kwa simu. Mwenye nyumba akaanza kugonga mlango. Nikapiga besi picha, nikaandika: "Iko fiti, haina shida." Bei Sh13,000.

Shida ilikuwepo, na niliijua. Shingo ilikuwa imepinda, nyuzi ziko juu sana, na ukibonyeza freti za karibu na mwili noti inapanda kidogo. Mimi nilikuwa nimezoea.

Aliyeinunua ni kijana aliyekuwa amemaliza fomu foo juzi tu. Alikuja na mamake. Mama ndiye alituma pesa, akaniambia, "Asante mwanangu, umemsaidia." Nikasema karibu.

Miezi mitatu baadaye kijana akaniandikia: "Brathe, unajua mtu wa kununua? Nadhani mimi sina kipaji. Vidole vinauma na bado sauti haikai."

Hapo ndipo nilishtuka. Mtu amepiga besi miaka kumi akishika shingo iliyopinda, analaumu besi. Anayeanza analaumu mikono yake.

Najua mtasema hustle ni hustle, mnunuzi afungue macho. Lakini macho gani? Hajawahi kushika besi nzuri, atalinganisha na nini? Ningesema ukweli, labda ningepata Sh10,000. Kwa hiyo Sh3,000 ndiyo ilitosha kunifanya nimdanganye mtoto wa mtu mbele ya mamake.

Na kasoro yenyewe mara nyingi si kifo. Nyuzi nne za besi ni nene, zinavuta shingo mchana na usiku, ndiyo maana inapinda. Ndani ya shingo kuna chuma cha kuinyoosha. Fundi anakizungusha kidogo kidogo kwa ufunguo wake, kama robo mzunguko, halafu anasubiri. Usilazimishe, kikikatika, umejiongezea gharama.

Kama unanunua, usiharakishwe. Iangalie shingo kwa urefu, jicho moja limefungwa, vile fundi wa mbao huangalia ubao. Bonyeza kila freti, kila uzi, usikilize kama kuna mahali panakwaruza. Washa tyuna kwa simu: piga uzi bila kubonyeza, kisha ubonyeze freti ya 12. Inafaa itoke noti ile ile, ila ya juu. Chomeka kwa amplifaya, zungusha vifundo vya sauti. Na muulize muuzaji: "Mbona unauza?" Kisha nyamaza, mwache aongee.

Kama unauza, andika kasoro kabla ya bei. Kuuza besi ukiwa umesota si aibu. Aibu ni ile ya kwangu.

Nilimwendea kijana Jumamosi moja. Nikamweleza, nikamrudishia Sh3,000, tukapeleka besi kwa fundi. Shingo ilirudi, si yote, lakini nyuzi zikashuka. Akapiga laini moja ya benga pale pale, taratibu, akaniangalia bila kusema kitu.

Bado anapiga. Ila hajaniita brathe tena.

Wewe ulishawahi kuuziwa kitu kibovu ukadhani mbovu ni wewe?